Poka ya Maharage na Baba Mkwe

Wewe nakuamini, ndiyo maana nakusimulia hivi kama tumekaa jikoni unanisaidia kumenya viazi. Wengine niliowaambia walinikatisha mwanzoni tu: "Mama wa kanisa na karata? Shetani mwenyewe kakugawia!" Wewe subiri nimalize. Nilijifunza poka nikiwa mtu mzima, na watoto wakubwa, na Biblia yangu kwenye mkoba, kwa sababu kulikuwa na mzee aliyetaka kurudi nyumbani kwake akafe peke yake, na hakukuwa na njia nyingine ya kumzuia.

Mzee mwenyewe ni baba mkwe wangu. Mimi ni wa Iringa. Kwetu mkwe unamsalimia umepiga goti, lakini uso wake unaujua. Nilikoolewa ni Wanyakyusa, na huyu mzee ni wa zamani kabisa. Kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hali naye, na wakikutana njiani mwanamke anajibanza pembeni anaangalia majani mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha, vijana hata hawajui. Yeye hakuacha, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kumlazimisha. Nimeolewa miaka mingi, nimemzalia wajukuu, na nilikuwa simjui sura zaidi ya kofia yake na viatu.

Maisha yake yote alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Mafinga. Mama mkwe alipofariki akabaki peke yake kwenye nyumba yao pembeni ya msitu wa misonobari. Siku moja majirani wakamkuta amelala chini karibu na jiko la maranda, linafuka moshi, yeye hajitambui. Baba watoto, ambaye ni dereva wa malori ya kwenda mpakani, akapitia Mafinga akamleta kwetu Uyole, Mbeya. Hakumuuliza. Alimpakia tu.

Mzee akawekwa sebuleni, kwenye kiti cha dirishani, anaangalia malori barabarani. Kati ya sebule na korido ya kwenda jikoni kuna pazia. Basi pazia lile ndiyo likawa mpaka wetu. Nilikuwa naingiza mkono, naweka chakula kwenye kigoda, naondoka. Nikirudi nakuta ugali vilevile, mboga vilevile, umeguswa kidogo tu kwa adabu. Kama watoto wapo, anaongea na mimi kupitia wao: "Mwambieni mama yenu asante." Kama hawapo, anaongea na ukuta.

"Chai hii imepoa," anauambia ukuta.

Ukuta haujibu. Mimi naleta nyingine.

Alikuwa anakonda. Nilijua kwa jinsi kiti kilivyoacha kulalamika akikaa. Sauti nyingine pekee ilikuwa ya karata. Kutwa nzima anazichanga, anazipanga mwenyewe, anazikusanya tena. Kwa nyuma ya pazia unasikia chaa, chaa, kama mtu anapepeta mchele.

Siku moja karata moja ikateleza ikapita chini ya pazia, ikaja mpaka kwenye mguu wangu. Malkia wa kopa. Nikaisukuma irudi.

Mzee akauambia ukuta: "Sijui kama kuna mtu huko anajua kucheza."

Na mimi nikauambia ukuta wa upande wangu: "Hajui, baba. Lakini anaweza kufundishwa."

Ndivyo tulivyoanza. Tulichukua sinia kubwa la kuchambulia mchele, nusu likakaa kwake, nusu kwangu, pazia likaning'inia katikati. Nilikuwa naona mikono yake tu, mikubwa, kidole kimoja kifupi, kilikatwa na msumeno ujanani. Mchezo wenyewe anauita poka. Alifundishwa na mafundi wageni waliokuja kufunga mashine kiwandani. Zamani walichezea viberiti na baadaye hela, lakini alipookoka aliacha hela. Akasema kama tunacheza, tunacheza kwa maharage, na asisikie habari ya shilingi.

Nikueleze kwa kifupi, si mchezo mgumu. Kila mtu anapewa karata tano. Zile mbaya unaweza kubadilisha mara moja. Mbili zinazofanana ni kitu kidogo, tano zinazofuatana mstari mmoja ni kitu kikubwa. Halafu mnaweka maharage katikati. Mwenye karata nzuri anaongeza. Mwenye mbaya naye anaweza kuongeza, ajifanye anazo. Ukiogopa, unakunja, yaani unaziweka chini, na mwenzako anazoa yote bila hata kuonyesha alikuwa na nini.

"Baba," nikasema, "si uongo huo?"

"Uongo ni pale mmoja hajui kama anaweza kudanganywa," akasema. "Hapa wote tunajua. Weka maharage."

Nikawa nashindwa kila siku. Lakini akawa anakula. Anakula huku anacheza, mkono mmoja kwenye karata, mwingine kwenye tonge, bila kujua anakula. Mimi nikawa nachelewesha kwa makusudi ili amalize sahani.

Nilidhani mambo yametulia. Baba watoto aliporudi safari, mzee akamwambia anataka kurudi kwake.

"Baba, kule huna mtu."

"Nina msitu."

"Msitu haupiki uji."

"Nilikuwa napika uji wewe hujazaliwa. Mimi si gunia la viazi, kwamba unanipakia na kunishusha unapotaka."

Mume wangu akatoka nje. Mwanaume mkubwa vile, nilimkuta uani ameegemea ukuta, anajifuta uso na shati. Aliniambia, "Akirudi kule, safari ijayo nitakwenda kumzika." Na tulijua hatuwezi kumkatalia. Mtoto hamwekei baba yake amri, na mzee yule ukimlazimisha angeondoka hata kwa miguu. Kitu kimoja tu kingemshika: neno lake mwenyewe.

Kesho yake tukiwa kwenye sinia, akaanza mwenyewe. Nadhani alikuwa amemsikia mwanae uani.

"Mkamwana."

Ilikuwa mara ya kwanza ananiita bila kupitia kwa mtoto wala ukuta.

"Abee, baba."

"Sitaki kugombana na mwanangu. Mvua zikikatika, tutacheza mimi na wewe siku moja mpaka mmoja aishiwe maharage. Ukinishinda, nakaa hapa na sitasema tena habari ya Mafinga. Nikikushinda, mnanipandisha gari, na hakuna kulia stendi."

"Na baba akishinda, atakubali tumtafutie mtu wa kukaa naye kule?"

"Usiombe vya mshindi na bado hujashinda," akacheka kidogo. "Na usidhani nitakuachia. Nitajua ukiniachia na wewe utajua nikikuachia. Sasa kuna maana gani?"

Nikakubali. Nilimwambia mume wangu, akanitazama kama vile nimemwambia nimeweka nyumba rehani. "Umeshawahi kumshinda hata mara moja?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi mama, jifunze."

Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, yale ya watu wazima tulioishia darasa la saba tukaamua kurudi. Mwalimu wetu kijana sana, lakini ana heshima, anatuita mama na baba. Siku hiyo somo lilikuwa kujiwekea malengo. Akasema lengo liwe la kitu kimoja, liwe na muda, na liwe linapimika, siyo "nataka maisha mazuri". Kila mtu akasimama kusema lake. Mmoja anataka kufungua saluni, mwingine anataka kufaulu hesabu. Nikafika mimi.

"Nataka kumshinda baba mkwe wangu karata kabla mvua hazijakatika."

Darasa likavunjika kwa kicheko. Jirani yangu wa dawati, mama anayeuza mitumba Mwanjelwa, mdomo wake hauna kufuli, akasema, "Dada, na mchungaji umemwarifu, au tumwandikie sisi?"

Lakini mwalimu hakucheka. Akauliza, "Mama, kitu gani kinakufanya ushindwe?"

Nikaanza kusema karata mbaya, nikanyamaza. Kwa sababu si kweli. Karata nzuri nilikuwa napata. Nikasema, "Akiongeza, nakunja."

"Hata ukiwa na karata nzuri?"

"Hata nikiwa nazo. Ni baba mkwe. Akisogeza maharage mbele, mkono wangu wenyewe unaweka karata chini. Naona kama namjibu mkubwa."

Yule wa Mwanjelwa akaacha kucheka. Akasema taratibu, "Mwenzangu, hiyo siyo poka tu. Hata mimi wifi yangu alikuja kuchagua nguo bure, nikamfungia na mfuko."

Mwalimu akaniambia basi usipime kushinda. Kushinda kunategemea karata. Pima kukunja kwa woga. Hilo liko mikononi mwako.

Nikalichukua hivyo. Kila nilipokunja karata ambazo sikutakiwa kukunja, nilifunga fundo kwenye pindo la kanga yangu. Jioni nayafungua. Lengo langu likawa kwenda kulala na kanga isiyo na fundo. Wiki ya kwanza pindo lilikuwa kama mzizi wa tangawizi. Nilijifunza pia mpangilio wa karata, ipi inaizidi ipi, nikiwa namenya viazi naimba kwa sauti ndogo, mpaka mwanangu akaniuliza huo ni wimbo wa kwaya gani. Na kabla ya kipindi kuanza, mimi na yule wa Mwanjelwa tulikuwa tunacheza nyuma ya darasa. Yeye nilimchagua kwa sababu haogopi mtu. Ananipandishia, ananizomea: "Kunja basi, mke wa watu! Kunja! Si umezoea?" Nilijifunza kukaa na zile kelele bila kukunja.

Na kwa kuwa mzee simwoni uso, nikajiwekea lengo la pili: kusikiliza. Watu wa poka wanatazamana machoni, ndivyo alivyonieleza. Mimi macho sikuwa nayo, nilikuwa na pazia. Lakini mwanamke aliyelea watoto anajua kumsoma mtu aliye chumba kingine. Nikaanza kugundua. Akiwa na karata nzuri ananyamaza kabisa, hata pumzi inakuwa ndogo. Akiwa hana kitu, anaimba. Pambio la zamani, kwa puani, mm, mm, kama mtu asiye na habari. Nilicheka moyoni siku niliyolijua hilo. Mzee wa watu, uongo ulikuwa unamkera mpaka anautafutia wimbo wa kanisani wa kuufunika.

Sikumwambia.

Halafu likatokea la akina mama wa kanisa. Sisi mtu akiwa na mgonjwa tunamtembelea, tunaimba, tunaomba. Wakaja bila taarifa, kama ilivyo kawaida. Mimi niko koridoni kwenye mkeka, maharage katikati, maharage kwangu, maharage kwake. Nikawahi kukalia karata zangu. Mama kiongozi wetu akaingia kwa mlango wa jikoni, wenzake nyuma yake.

"Mwenzetu, unachambulia koridoni na mwanga wote ule uko nje? Lete tukusaidie, mikono haiji bure."

Kabla sijasema neno, wameshakaa chini. Unajua mikono ya mwanamke ikiona maharage kwenye sinia. Wakaanza kutoa vijiwe na makapi, wanavuta na ya upande wa pili wa pazia, wanamwaga kwenye rundo moja, hodari kweli, huku wananipa habari za kipaimara. Rundo langu likapotea. Rundo la katikati likapotea.

Nyuma ya pazia sauti ikapasuka: "Jamani! Jamani! Mnamaliza mtaji wangu!"

Wakaganda. Mama kiongozi akauliza pazia, "Mtaji gani, baba?"

Mimi nikainuka kidogo, nikatoa karata nilizokalia, nikaziweka kwenye mkeka. Sikuona sababu ya kuficha.

"Karata, mama. Tunacheza mimi na baba."

"Za hela?"

"Hapana. Haya haya maharage mnayochambua."

"Ni kweli, baba?"

"Kweli tupu," mzee akajibu. "Na nilikuwa naongoza!" Halafu akacheka. Si kile kicheko kidogo, akacheka mpaka akakohoa. Na mama mmoja akashindwa kujizuia, akaficha uso kwenye kitenge, mabega yanaruka.

Mama kiongozi akanisogelea. "Huyu ndiye mzee tuliyeambiwa hali chakula?"

"Ndiye."

"Leo?"

"Leo amemaliza sahani." Nikamweleza na habari ya Mafinga, na makubaliano yetu, kwa sauti ya chini.

Akakaa anafikiri, anachezea punje ya haragwe. Mwisho akasema, "Jumapili hapana."

"Jumapili hatuchezi, mama."

"Haya. Tuombe." Akaomba ndefu, kwa ajili ya mzee, kwa ajili ya barabara za baba watoto, na mwisho akasema: "Na huyu mama, Bwana, umsaidie katika hili… katika hili analolifanya." Wote tukaitika amina, na amina ya nyuma ya pazia ilikuwa na nguvu kuliko zote.

Mvua zikakatika. Baridi ikaanza, ile ya Mbeya inayogandisha umande asubuhi mpaka majani yanalia chini ya mguu. Mzee akasema Jumamosi. Mume wangu alikuwa nyumbani. Alikuwa uani anaosha buti zake, akimaliza anaziosha tena.

Tuligawana maharage sawa. Mwanzoni nilipoteza mengi. Nikakumbuka makelele ya yule wa Mwanjelwa, nikatulia, nikarudisha taratibu. Jua lilipokuwa limegeukia upande wa jikoni, rundo lake na langu yalikuwa karibu sawa, langu limezidi kiganja tu.

Akagawa. Nikaangalia zangu: nne mbili, na takataka tatu. Nikabadilisha takataka, nikaletewa takataka nyingine. Yeye akabadilisha karata moja tu. Hapo ujue mtu ana karibu kitu kizuri, anatafuta kukamilisha. Nikaweka maharage kidogo.

Mikono yake ikakumbatia rundo lake lote, ikalisukuma katikati. Yote.

Na akaanza kuimba. Mm, mm.

Nakuambia ukweli, nilianza kujiuliza. Je, kama ameshajua kwamba najua? Kama leo anaimba makusudi, na ana karata za kunimaliza? Nne mbili ni kitu kidogo, karibu kila kitu kinaizidi. Nikikunja sasa sipotezi mengi, tunaendelea. Mkono wangu ukashuka wenyewe kwenye pindo la kanga, vidole vimeshaanza kukunja kitambaa kufunga fundo.

Nikaviona vidole vyangu. Sikuomba nishinde; niliona aibu kumsumbua Mungu na nne mbili. Niliomba tu mkono uachie. Nikaachia kanga.

"Nakuja, baba. Na yangu yote."

Wimbo ukakatika katikati ya mstari.

Mikono ikalaza karata polepole. Tano, sita, saba, nane, na malkia wa kopa. Alikuwa anatafuta karata ya kuunganisha mstari, ikaja malkia asiyehusika. Hakuwa na kitu. Nikaweka zangu.

"Nne mbili!" akasema. "Umenifuata na nne mbili? Una wazimu?"

"Nilikuwa nakusikiliza, baba."

"Unasikiliza nini?"

"Ukiwa huna kitu, baba unaimba."

Uani, brashi ya buti ilikuwa imenyamaza. Halafu nikaona kidole kile kifupi kinashika pindo la pazia. Nikainamisha kichwa haraka, nikajivuta nyuma mpaka ukutani, ndivyo nilivyofundishwa tangu harusi. Pete za pazia zikalia kwenye waya.

"Mkamwana," akasema, na sasa sauti haikupitia kitambaa. "Kwetu mwiko huu mwenye kuufungua ni mimi, na anayeufungua hutoa kitu. Ng'ombe sina. Nakupa haya maharage. Sasa inua uso, nimwone aliyenishinda."

Sikuweza mara moja. Nilianza na mikono, ambayo niliijua. Nikapanda taratibu, koti, kola ya shati, kidevu. Alikuwa na macho ya mume wangu. Miaka yote ile nilikuwa nayatazama macho yake kila siku na sikujua. Alikuwa analia, na anatabasamu na meno yake machache, na alikuwa mzee kuliko nilivyodhani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Wanaonisikiliza hupenda kuuliza kama hakuniachia. Mimi nilimuuliza mwenyewe. Alikasirika kweli: "Nikuachie mimi? Na malkia yule alivyoniharibia?" Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo.

Hakusema tena habari ya Mafinga, alishika neno lake. Niliyesema ni mimi. Kumshinda mtu siyo kumfungia ndani, na mama mkwe amelala kule. Lori lilipopata nafasi tulikwenda wote, tukafagia kaburi, tukafunga nyumba vizuri, akachukua msumeno wake wa mkono na picha moja. Yeye ndiye aliyesema, "Haya, turudi nyumbani," na mume wangu akajifanya anakagua matairi.

Lakini jioni ile ile ya Jumamosi, kabla ya hayo yote, niliyaosha yale maharage, mtaji wake na wangu pamoja, nikayapika na nazi niliyoitunza. Hayakuwa na jiwe hata moja, akina mama walishayachambua. Tukakaa meza moja. Pazia lilikuwa limefungwa pembeni kwa kamba, na kanga yangu haikuwa na fundo. Mzee akaongeza sahani mara ya pili, akaangalia sufuria tupu, akashtuka.

"Sasa kesho kutwa tutachezea nini?"

"Mahindi yapo, baba."

"Mahindi sawa," akasema. "Na sitaimba tena."

Anaimba mpaka leo.

Basi rafiki yangu, nakuomba kitu kimoja. Unamjua mtu, hakuna asiyemjua mmoja, anayelea mzee aliyegeukia ukuta, chakula kinakwenda na kurudi. Msimulie haya kwa mdomo wako, au mpe asome. Mwambie asibishane na mzee. Aingie kwenye kile mzee anachokipenda, akijifunze kwelikweli, mpaka aweze kumshinda.